Istilahi ya Kukata na Kuunga RNA

Mwaka 1977, Baraza la Kiswahili la Taifa lilipotimiza miaka kumi, Phillip Sharp na Richard Roberts, kila mmoja pamoja na wenzake huko Marekani, walifanya ugunduzi ambao wafasiri hawana budi kuutafutia jina. Waliona kwamba RNA iliyonakiliwa kutoka DNA yaweza kukatwa vipande. Vingine hutupwa, na vinavyobaki huungwa. Mwaka 1993 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Kazi hiyo inafanana na ya fundi cherehani wa Mwananyamala: kitambaa kimoja chaweza kuwa shati au kanzu, kwa kutegemea vipande atakavyoviunga. Katika seli, mafundi hao wamo miongoni mwa protini. Mwaka 1988 ilibainika kwamba ELAV, protini ambayo inzi akiikosa neva zake hazikui sawasawa, ni ya jamii ya protini zinazoshika RNA. Mwaka 1993 ikatambuliwa Nova, ambayo baadaye ilionekana kuamua ni vipande vipi viungwe katika seli za neva.

Jambo hili si la maabara tu. Mwaka 1995 watafiti huko Ufaransa waliitambua jeni ya SMN1. Protini yake husaidia kuunda vyombo vya kukatia na kuungia RNA. Ikipungua mno, neva zinazoendesha misuli hufa, na mtoto hulegea viungo. Jeni pacha yake, SMN2, haitoshi kuziba pengo, kwa kuwa katika kuungwa kwa RNA yake kipande cha saba hurukwa mara nyingi. Dawa ya nusinersen, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, husaidia kipande hicho kiungwe.

Basi, mfasiri akiandika "ukataji" tu, mzazi hataelewa kwamba dawa inarudisha kilichorukwa. Akiandika "uungaji" tu, mwanafunzi hatajua kwamba kuna kilichotupwa. Na akiandika "mshipa" mahali pa "neva", mama wa Mwananyamala atafikiria damu, au hata ngiri.

Kwa sababu hizo tunapendekeza "ukataji-uungaji". Ni istilahi ndefu, lakini haifichi nusu ya maana. Tunawaomba walimu, wafasiri na watumishi wa serikali waipime katika kazi zao kabla haijasanifiwa.