Watu watatu, chumba cha baridi na hofu ya vita

Hofu ya vita tunaijua. Leo tuangalie watu watatu wa Uingereza walioigeuza hofu hiyo kuwa muziki.

Kundi la This Heat lilianza London mwaka 1976. Charles Hayward alipiga ngoma, Charles Bullen gitaa. Wa tatu, Gareth Williams, hakuwa mwanamuziki kabisa, lakini walimchukua hivyo hivyo.

Walifanyia kazi Brixton, katika chumba kilichokuwa cha kuhifadhia nyama kwa baridi. Walipiga bila kupanga, wakarekodi, kisha wakakata kanda na kuziunga upya. Kelele iliyotokea kwa bahati ikawa wimbo.

Redio ndiyo iliyowasaidia. Mwaka 1977, kabla hawajatoa albamu yoyote, mtangazaji wa BBC John Peel aliwapa nafasi. Albamu ya kwanza ilitoka 1979.

Mwishoni mwa mwaka huo, nchi za NATO ziliamua kuleta makombora ya nyuklia ya Marekani katika Ulaya, Uingereza ikiwemo. Watu wakaogopa kuteketea wote. Katika hofu hiyo ilizaliwa Deceit, yaani Udanganyifu, ya mwaka 1981. Wimbo wake mmoja unachukua maneno ya tangazo la uhuru wa Marekani la 1776.

Kundi lilivunjika 1982. Williams alifariki 2001. Hayward na Bullen waliporudi jukwaani 2016 pamoja na wanamuziki wengine, walijiita This Is Not This Heat, maana yake: hii siyo This Heat. Mwenzao hakuwepo.