Hiyo ndege inajua kuogelea?

Siku ile wageni walipoleta droni hapa Kyangwali ili wapige picha za ramani, watoto walikimbia kuifuata na mama zetu wakakimbia upande mwingine. Mimi nafanya kazi na vijana, kwa hiyo niliombwa niwatulize watu. Nikaeleza kwamba haina silaha, inabeba kamera tu, na kwamba huko kwingine imesaidia kutafuta watu waliozama. Mama mmoja mzee, aliyevuka ziwa kama mimi, akaniuliza: "Mwanangu, hiyo ndege inajua kuogelea?"

Watu wakacheka. Mimi nilikosa jibu. Nikaanza kutafuta historia ya jambo hili, na nikakuta sehemu yake kubwa iko ndani ya mwaka mmoja, 2014, na inaanzia mlangoni kwetu.

Tarehe 22 Machi 2014, boti lililojaa wakimbizi wa Kongo lilizama Ziwa Albert. Walikuwa wametoka hapa hapa Kyangwali, wanarudi nyumbani kwa uamuzi wao wenyewe. Miili zaidi ya 100 ilitolewa majini. Baadaye serikali ya Kongo ikataja wafu 251. Kati ya hizo namba mbili kuna watu. Kuna familia hapa kambini ambazo hazikuzika mtu, na bado zinafanya matanga kila mwezi wa tatu ukifika.

Miezi miwili haikuisha, ikawa zamu ya Ziwa Kivu. MONUSCO ilikuwa imeanza kurusha droni zake Goma tangu Desemba 2013. Zilitengenezwa Italia, hazikuwa na silaha, na kazi yake ilikuwa kuchungulia makundi yenye bunduki. Lakini siku moja ya Mei 2014, moja ikaona kitu ambacho haikutumwa kukitafuta: boti limepinduka na watu wako majini. Walinda amani wakapeleka maboti. Watu 14 wakaokolewa. Hatusemi kwamba droni ingewaokoa wale wetu wa Machi, hakuna anayejua. Tunasema tu kwamba kifaa cha vita kilionyesha kinaweza kufanya kazi nyingine, endapo maboti yapo karibu na kuna mtu wa kuyatuma.

Mwezi wa nane mwaka huohuo, jambo hilo likafanywa kwa makusudi. Oktoba 2013 boti lilizama karibu na kisiwa cha Lampedusa, Italia, wakafa watu zaidi ya 360, wengi wao Waeritrea. Mume na mke waliokuwa wanaishi Malta, Christopher na Regina Catrambone, walikuwa wameshaona koti likielea baharini wakiwa kwenye matembezi yao, wakajiuliza mwenye koti yuko wapi. Hawakuwa serikali wala jeshi. Walianzisha shirika la MOAS, wakatafuta meli ya mita 40 iitwayo Phoenix, wakaweka juu yake droni mbili kutoka Austria na maboti madogo ya kuokolea. Katika siku 60 za kwanza walisaidia watu kama 3,000.

Kwa nini droni? Sisi tuliovuka tunajua. Mtumbwi uliojaa unakaa chini sana, mawimbi yanauficha, na mtu aliye kwenye meli haoni mbali. Droni inapanda juu, na kamera yake inaona joto la miili hata usiku. Inatuma picha kwenye meli, meli inasogea, halafu maboti madogo yanatangulia na majaketi ya kuelea. Majaketi kwanza, kabla ya kumshika mtu yeyote. Watu wakiona msaada wote wanasimama upande mmoja, na chombo kinapinduka hapo hapo, wokovu ukiwa mita chache tu.

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa nzuri. Machi 2019 Umoja wa Ulaya uliondoa baharini meli za Operesheni Sophia, ukabakiza ndege za kuangalia. Mwaka 2021 Frontex, shirika la mipaka la Ulaya, likaanza kurusha droni kubwa kutoka Malta. Frontex inasema taarifa zake zinaokoa maisha. Lakini mwaka 2022 Human Rights Watch na Border Forensics walieleza jinsi taarifa hizo zinavyowasaidia walinzi wa pwani wa Libya kukamata maboti na kurudisha watu kwenye mateso. Jicho ni lilelile la juu. Kilichobadilika ni nani anakuja baada ya picha.

Mimi nilivuka Februari 2018, kutoka Tchomia mpaka Sebagoro. Baba mdogo alikuwa kwenye mtumbwi uliotufuata. Haukufika. Hakuna ndege iliyotoka kumtafuta. Wavuvi wa mwalo walitoka siku mbili kwa mafuta yao wenyewe, watu ambao hawakutujua hata kwa jina, wakarudi na bidoni moja na kipande cha shitingi. Mpaka leo nikisikia mtu anasema "wajitolea wa uokoaji" nawaona wale, wamelowa, hawataki kututazama machoni.

Kama wangekuwa na jicho la juu asubuhi ile, pengine wangejua waelekee wapi. Kwa hiyo siikatai droni. Vijana wangu wanataka kujifunza kuirusha, na mimi nitakuwa wa kwanza kwenye mstari. Lakini ndugu zetu wa mashirika mnaosoma gazeti hili, mkija na mafunzo hayo, tutawauliza mambo matatu. Picha zinaenda kwa nani? Mwaloni kuna boti gani lenye mafuta, tayari kutoka? Na majaketi yako mangapi? Mkiwa na jibu la swali la kwanza tu, mtakuwa mmetuletea mtu wa kututazama tukizama.

Wiki iliyopita nilimfuata yule mama kwake. Nikamwambia, "Mama, ile ndege haijui kuogelea. Inajua kuita tu."

Akaendelea kuchambua maharage yake. Halafu akasema, "Kuita si kubaya. Ila siku ile ziwani hata sisi tuliita sana, mwanangu. Wafundishe pia wale wa kuitika."