Hundi ya ruzuku iliandikwa jina la nani?

Ndugu msikilizaji, kila serikali inapotangaza ruzuku ya kilimo, sisi wa mjini hushangilia tukidhani fedha zimekwishamfikia mwenye jembe. Mimi huuliza swali moja tu: hundi imeandikwa jina la nani? Leo nakupeleka Marekani, wilaya ya Poinsett, jimbo la Arkansas, ambako jibu la swali hilo liliwakosesha watu makazi.

Poinsett ilikuwa nchi ya pamba. Katika miaka ya 1930 ardhi nyingi ilikuwa ya matajiri wachache. Walioilima walikuwa watu weusi na weupe wasio na ardhi, waliogawana mavuno na mwenye shamba. Chakula na mbegu walikopa kwa tajiri huyo huyo, na daftari la deni alilishika yeye.

Bei ya pamba, iliyokuwa senti 17 hivi kwa ratili mwaka 1929, ilishuka chini ya senti 7 mwaka 1932. Mei 1933 serikali ya Rais Franklin Roosevelt ikapitisha sheria ya kuwalipa wakulima wapunguze kilimo, ili pamba iadimike na bei ipande. Kwa kuwa pamba ilikuwa imekwishaota, kiangazi hicho zaidi ya ekari milioni 10 zilifukiwa kwa plau, na serikali ikalipa zaidi ya dola milioni 100.

Bei ilipanda, hilo tulikubali. Lakini tazama mgawo. Katika mkataba wa mwaka 1934 na 1935, kwa kila ratili ya pamba ambayo haikulimwa serikali ililipa senti nne na nusu. Mwenye shamba alichukua senti nne. Mgawana mavuno aliwekewa nusu senti, nayo ilipitia mkononi mwa tajiri. Mkataba ulimtaka tajiri asipunguze watu wake "kadiri iwezekanavyo". Maneno hayo mawili yakawa mlango wa kuwatolea watu. Ekari zilipopungua, familia zilitupiwa vyombo nje.

Julai 1934, karibu na mji mdogo wa Tyronza, wanaume 18, weupe 11 na weusi 7, walikutana shuleni wakaanzisha chama cha wapangaji wa mashamba. Kwa Arkansas ya siku zile, kukaa chumba kimoja tu kulikuwa ujasiri. Wanachama walipigwa na kufungwa. Februari 1935, maofisa wa Washington waliotaka mkataba uwalinde wapangaji wakaachishwa kazi. Januari 1936 Mahakama ya Juu ikaibatilisha sheria yenyewe, lakini si kwa kuwahurumia wanyonge hao. Ubishi ulikuwa juu ya kodi na mamlaka ya serikali kuu.

Sheria mpya ya mwaka 1938 ilimwongezea mgawana mavuno fungu lake. Matajiri wengi wakapiga hesabu, wakawageuza watu wao kuwa vibarua, maana kibarua hana fungu katika ruzuku. Januari 1939, katika jimbo jirani la Missouri, zaidi ya watu 1,000 walipiga kambi kando ya barabara kuu, katika baridi kali, ili nchi iwaone.

Basi ndugu yangu, ukisoma kwamba ruzuku imeongezwa, usiishie kwenye tarakimu. Uliza nani anatia sahihi, nani anagawa, na aliyeshika jembe atakwenda kulalamika wapi akipunjwa. Asipokuwa na pa kwenda, ruzuku hiyo si yake, hata kama imetangazwa kwa jina lake.