Nili ya Maluane: Ushirikiano wa Mafundi katika Visiwa vya Kerimba

Uzalishaji unaotunza mazingira si jambo geni katika pwani ya Cabo Delgado. Katika karne ya 16, Wareno waliviita visiwa vya Kerimba kwa jina la Maluane, yaani jina la nguo zilizofumwa huko. Padre João dos Santos, aliyeishi Kerimba miaka ya 1590, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1609 jinsi rangi ilivyopatikana: majani ya mnili yalipondwa, yakalowekwa majini, kisha maji yake yakaachwa juani hadi yakaganda. Rangi hiyo ilitiwa kwenye pamba na hariri.

Kazi hii ilihitaji mkulima, mtia rangi, mfumaji na nahodha. Wareno waliishambulia Kerimba mwanzoni mwa miaka ya 1520, lakini miaka 70 hivi baadaye padre aliikuta kazi ingali hai. Kilichoiokoa ni watu waliotegemeana.

Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vimewatawanya watu wa pwani hii. Kwa hiyo, anayetaka kufufua ufundi wao aanze kwa kuwaunganisha mafundi, ndipo alete mitambo.