Daftari la Ghala Linapoharibika

Leo tunasoma historia ya amri za kukagua diski za kompyuta.

Ninyi wa Chunya mnalijua ghala la tumbaku. Marobota yamo ndani, na daftari laeleza kila robota ni la nani na liko wapi. Daftari likichanika, tumbaku ipo, lakini mwenyewe haioni.

Diski nayo ni ghala. Umeme ukikatika kompyuta ikiwa inaandika, daftari la diski huweza kupingana na mali iliyomo.

Mwaka 1969, huko Marekani, mafundi wa Bell Labs walianza kuunda Unix. Mwanzoni ukaguzi uligawanywa kwa amri kadhaa, na fundi alirekebisha mengi kwa mkono. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Ted Kowalski aliandika fsck, amri moja ya kukagua yote, inayouliza kabla ya kurekebisha. Faili lililopoteza jina huliweka katika folda ya lost+found, yaani vilivyopotea vikaonekana. Mwaka 1981 MS-DOS nayo ilitoka na CHKDSK.

Wakati huo kompyuta zilikuwa chache Tanzania, maana mwaka 1974 serikali ilizuia kuziingiza nchini. Leo huenda hesabu ya tumbaku yako au dhahabu yako imo ndani ya diski.

Basi fuateni mpango huu. Kwanza, nakilini mali. Pili, kagueni bila kubadili kitu. Tatu, rekebisheni. Anayeanza na la tatu aweza kufuta haki ya mtu.

Swali: kwa nini fsck huuliza kwanza?