Safu ya Lugha: Tezi

Ukitaja tezi mjini, msikilizaji hufikiria tezi dume na hospitali. Kojani, kisiwa cha wavuvi mashariki ya Pemba, tezi ni sehemu ya nyuma ya chombo, kama omo ilivyo ya mbele. Ndiyo ile ya methali: tezi na omo hurejea ngamani.

Mashine za kufunga nyuma ya chombo zimelipa neno hili kazi mpya. Ngalawa imechongoka huku na huku, hivyo mashine haina pa kukaa mpaka itengenezewe pahali. Mashua ina tezi bapa, pa kuifungia. Boti la mpira nalo huwekewa ubao mgumu nyuma, maana mpira wenyewe haushiki vibanio. Pima kimo cha ubao huo kabla ya kununua: wa sentimita 38 hivi hutaka mashine ya mguu mfupi, wa 51 mguu mrefu. Bamba lililo juu ya panga la mashine liwe usawa wa chini ya boti, au chini yake kidogo. Likipanda, panga hunyonya hewa, mashine ikanguruma bure na petroli ikaisha.

Nasikia ubao huo ukiitwa "sehemu ya kufungia injini". Wafasiri, andikeni "ubao wa tezi".