Radoni, gesi isiyomsubiri mpimaji

Anayetaka kupima radoni katika maji ya kisima haendi na dumu. Huenda na chupa ndogo ya kioo yenye mfuniko unaobana. Maji huachwa kwanza yatiririke ili yaliyolala kwenye bomba yatoke, kisha chupa huzamishwa kwenye ndoo iliyojaa na kufungwa humo humo chini ya maji. Povu la hewa likibaki shingoni, gesi huhamia humo na kipimo kinaharibika. Na si tarehe tu inayoandikwa, bali na saa, kwa sababu katika muda wa siku nne kasoro kidogo nusu ya radoni iliyomo huwa imekwisha. Sampuli ikikaa njiani wiki nzima, hubaki robo na ushei.

Gesi hii haina rangi, harufu wala ladha. Chanzo chake ni urani iliyomo kwenye mwamba, ambayo huoza taratibu mno hadi kuwa radiumu, na radiumu huzaa radoni. Maji yanayopita kwenye nyufa za mwamba huibeba. Ndiyo maana habari hii inauhusu Mkoa wa Ruvuma, wenye urani ya Mto Mkuju wilayani Namtumbo, mashariki ya Songea.

Madhara yalionekana kabla gesi yenyewe haijajulikana. Mwaka 1556 Georgius Agricola aliandika kuwa kwenye migodi ya milima ya Karpati walikuwapo wanawake waliozika waume saba. Mwaka 1879 madaktari wawili wa Ujerumani, Härting na Hesse, walitambua kuwa ugonjwa uliowamaliza wachimbaji wa Schneeberg ulikuwa saratani ya mapafu. Friedrich Ernst Dorn aliigundua gesi inayotoka kwenye radiumu mwaka 1900, na mwaka 1903 J. J. Thomson wa Cambridge akatangaza kuwa maji ya visima nayo yana gesi yenye mionzi.

Ungedhani watu wangeshtuka. Wapi! Waliamini wamepata siri ya chemchemi za tiba, na biashara ikaanza. Wangoni wa Songea walipoipokea dawa ya maji mwaka 1905, wakiamini itawakinga na risasi za Wajerumani, Wazungu waliwacheka kwa ushirikina. Miaka saba baadaye Marekani ilitoa hataza ya mtungi uliotengenezwa kwa mawe yenye radiumu, maji yalale humo usiku kucha na kunywewa asubuhi kama dawa. Tajiri mmoja, Eben Byers, alikunywa chupa kwa chupa za maji ya radiumu kwa ushauri wa daktari, mifupa ya taya ikaoza, akafa mwaka 1932.

Radoni iliingia majumbani, kwa maana ya kujulikana, mwaka 1984. Mhandisi Stanley Watras alikuwa akiliza kengele za ukaguzi wa mionzi kwenye kinu cha nyuklia huko Pennsylvania, tena akiwa anaingia kazini. Uchunguzi ukaonyesha kuwa mionzi aliibeba kutoka nyumbani kwake, ambako radoni ilipanda kutoka ardhini. Mwaka 1988 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani likaiweka gesi hii kwenye orodha ya visababishi vilivyothibitishwa vya saratani.

Hapo ndipo watu wengi huchanganya mambo. Hatari kubwa ya radoni ya majini haiko tumboni. Ripoti ya Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani ya mwaka 1999 ilikadiria vifo 168 kwa mwaka nchini humo vinavyotokana na radoni ya maji, na karibu tisa katika kila kumi ni vya saratani ya mapafu. Mtu huivuta anapooga, anapofua, anapochemsha chai ndani ya nyumba iliyofungwa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya radoni ya ndani ya nyumba hutoka kwenye udongo chini ya sakafu. Umoja wa Ulaya uliweka mwaka 2013 kiwango cha tahadhari cha bekereli 100 kwa lita ya maji, yaani atomu 100 zinazopasuka kila sekunde. Maji ya kiwango hicho huongeza takriban bekereli 10 tu katika mita moja ya ujazo ya hewa ya nyumbani, wakati Shirika la Afya Duniani linapendekeza hewa isizidi 100.

Mjini Songea, maji ya Bwawa la Ruhila na ya vijito vya Matogoro hayatishi kwa upande huu, kwani maji yaliyo wazi huipoteza radoni hewani. Vya kuangaliwa ni visima virefu vya vijijini, hasa pale maji yanapotoka kwenye pampu na kuingia ndani moja kwa moja, na baridi ya Juni na Julai imefunga madirisha. Kuyachemsha nje au kuyaacha wazi uani huiondoa gesi. Urani na radiumu zenyewe haziondoki kwa moto.

Mwaka 2013 Najat Mohammed na Mohamed Mazunga walichapisha utafiti wa kijiji cha Likuyu, kilomita 54 kutoka kwenye mashapo ya Mkuju. Udongo ulikuwa na wastani wa bekereli 51.7 za urani kwa kilo, juu ya wastani wa dunia. Maji yalikuwa na 2.35 kwa lita, sawa tu na yale ya Mto Nduluma, Arusha, waliyoyatumia kulinganishia. Ni habari ya kutuliza, ila walichopima majini ni urani na thoriamu, katika maabara ya Tume ya Nguvu za Atomu iliyoko Arusha. Radoni inahitaji chupa yake.

Kiwanda cha majaribio cha Mkuju kilizinduliwa Julai 2025, miaka 13 baada ya UNESCO kukubali mpaka wa Pori la Selous usogezwe kuupisha mgodi. Uchimbaji ukishachanganya, hakuna atakayeweza kusema radoni ya kisima fulani ilikuwapo tangu enzi au imeletwa na mgodi, isipokuwa aliyekipima kabla. Na kwa kuwa kiwango hupanda na kushuka kwa misimu, kisima kile kile kipimwe masika na kipimwe tena kiangazi.